Mkeka wa Miti

Hasira yangu haijaisha. Watu huniambia, "Rukia, hayo ni mambo ya mwaka hamsini na sita, yaache yapite." Yapite yaende wapi? Aliyetendewa ni wifi yangu Zuena, mke wa kaka yangu Ahmadi, na Zuena hakuumbwa na mdomo. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Basi ikawa kila siku mimi ndiye wa kugomba kwa niaba yetu wawili, na kwa lile la Mbeya naendelea kugomba mpaka leo.

Zuena binti Salumu alizaliwa pale pale Iringa mjini. Babu yake ndiye aliyepanda kutoka Kilwa na mizigo ya watu, akaoa, akasahau kurudi. Mama yake alikuwa msukaji wa mikeka, naye akamkalisha Zuena chini tangu ana miaka saba, akampa chane za ukindu, akamwambia asiinuke mpaka ukili wake, ule utepe wa kushonea mkeka, unyooke. Hakuinuka. Alipoolewa na kaka yangu alikuja na sanduku moja, sufuria mbili na mzigo wa ukindu mkubwa kuliko yeye. Nilimcheka. Nilidhani kaka kaoa muuza kuni.

Alikuwa na vidole vifupi, vinene, ungedhani ni vya mfyatua matofali. Lakini vile vidole vikianza kwenda, weeh! Mimi nilikuwa nikikaa naye kibarazani kila alasiri, nikimsimulia habari za mji mzima, nani kaachwa, nani kaposwa, na yeye anasuka, anaitika "hee" na "kumbe" pale panapotakiwa. Watoto watatu aliwalea hivyo hivyo, mmoja mgongoni, ukili mkononi.

Mikeka yake ilikuwa ikienda duka moja la sokoni, na mwenye duka akiwaambia wateja kwamba imetoka Unguja. Nilipokwenda kumfokea alinijibu kwamba mtu wa Iringa hanunui mkeka wa Iringa, akinunua anataka kujisifu kwa wageni. Zuena akasema mwache. Mwache, mwache, miaka kumi na mitano.

Siku iliyomkata maini ni ya arusi moja ya mtaa wa Kihesa. Tumekalishwa juu ya mkeka, mimi nikautambua, maana mwezi ule ule ulikuwa kibarazani kwetu. Shangazi wa bwana arusi, mwanamke mmoja ana dharau huyo, akawa anaupapasa na kuwaambia wageni, "Huu umetoka Unguja, mwanangu kauagiza kwa meli." Zuena, sijui nini kilimpata, akasema kwa sauti ndogo, "Huu nimeusuka mimi." Wanawake wakageuka. Yule shangazi akamtazama kuanzia kilemba mpaka nyayo, akasema, "Na meli iliyouleta uliiendesha wewe?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi nilishasimama, kanga nimeifunga kiunoni, lakini Zuena akanivuta chini akanishika mkono mpaka tulipoondoka.

Njiani ndipo aliponiambia. "Wifi, mimi nataka siku moja tu. Mkeka wangu utundikwe mahali, watu wauone, na jina langu liwe pembeni yake. Siku moja. Baada ya hapo waukalie, waukojolee, shauri yao." Sikupata kumsikia akitaka kitu kabla ya siku hiyo.

Ndiyo maana alipotokea Lutengano nikasema hii ni riziki imekuja na miguu yake. Lutengano alikuwa karani, kijana wa Kinyakyusa mwenye miwani na baiskeli, ametumwa kutoka Mbeya kuzunguka Jimbo zima. Alisema kuna kamati inaandaa maonyesho ya kazi za sanaa, yatafanyika Mbeya mwezi wa Februari, na kazi zote sharti ziwe za miti na maumbile. Wachonga vinyago amewapata, wafinyanzi amewapata, shule zimeahidi picha. Akasimama mbele ya kibaraza chetu, akamtazama Zuena, akasema, "Mama, na wewe je, unaweza kusuka mti?"

Zuena akauweka ukili chini. Aliuliza, "Jina langu litaandikwa?"

"Litaandikwa kwenye kadi, mama, kwa herufi kubwa, libandikwe ukutani kando ya kazi yako."

"Litasomeka?"

"Litasomeka mpaka mlangoni."

"Niandike," akasema Zuena, na siku hiyo hakusuka tena, alikaa tu anatazama barabara.

Sasa msinione naeleza haraka mkadhani kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Ilikuwa Septemba. Ukindu mzuri haupatikani Iringa mjini, uko bondeni Usangu, kando ya mito. Tukapanda lori la mpunga mpaka Rujewa, mimi na yeye, tumekalia magunia, vumbi mpaka kwenye kope. Siku nne tulizunguka kwenye vinamasi na mapanga. Yeye anachagua kuti moja tu la katikati, lile ambalo halijafunguka, mengine anayapita. Mbu wananila mimi, ng'ombe wa Wasangu wanatutazama, nami nauliza kwa nini tusichukue haya tu yaliyo karibu, yeye anasema, "Hayo yameshaona jua, wifi." Nikamwambia hata mimi nimeshaliona, turudi.

Kisha rangi. Wasukaji wengine wote walikuwa wakinunua rangi za unga za dukani, unachemsha, umemaliza. Zuena akakataa. Alisema kama ni kazi ya miti, basi na rangi itoke kwenye miti. Weusi akautoa kwenye mizizi ya mdaa, tukaichimba wenyewe huko porini mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wekundu akautoa kwenye mizizi ya mninga, aliyoletewa na jirani yetu Verediana, Mhehe wa Kilolo, kila akitoka kwao mzigo kichwani. "Kamwene, fundi," anasema, anatua mizizi, anakaa kunywa chai. Uani sufuria zinachemka usiku na mchana, nyumba nzima inanuka kama ghala la ngozi. Kaka yangu Ahmadi alikuwa fundi cherehani, wateja wakaanza kulalamika kwamba suruali zao zinanuka magome. Akamwambia mkewe achague, mkeka au mume. Zuena akamwambia, "Subiri Februari nikujibu." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na kusuka kwenyewe. Mkeka husukwa ukili mrefu mwembamba, pima kwa pima, ndipo ushonwe ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Kwa mapambo ya kawaida hilo si tatizo. Lakini mti una shina na una matawi. Shina liko kwenye ukili huu, matawi yako kwenye ukili unaofuata, na wewe unausuka wote kabla hujaushona. Ukikosea chane moja tu, mti unakatika kiuno. Ilimtokea mara mbili. Mara ya pili aligundua ameshafika katikati, na alifumua kazi ya wiki saba, mimi ndiye niliyelia. Nilimwambia auache hivyo hivyo, mzungu gani atajua? Akasema, "Mimi nitajua."

Katikati ya Januari ukaisha. Lutengano akaja na gari la ofisi, akaufunga kwenye shuka safi, akaondoka nao. Ahmadi akampa mkewe nauli ya kwenda kuuona ufunguzi, siku ya Jumanne, na mimi nikajipa ruhusa ya kumsindikiza, maana aende peke yake akasemeshwe na watu akae kimya?

Safari ile Mungu anajua. Masika imekaza, basi linakwama, abiria tunashuka tunasukuma, tunapanda, tunashuka. Kiatu changu kimoja cha arusi kilibaki kizima kwenye tope la Chimala. Tulifika Mbeya Jumatatu magharibi, tukalala kwa watu wa kwetu. Asubuhi Zuena alioga, akavaa kanga mpya doti nzima, akajipaka wanja. Mikono ilikuwa bado ina weusi wa mdaa kwenye kucha, hautoki ule. Nikamwambia ifiche. Akasema leo haifichi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wazungu, Wahindi, makarani, walimu, machifu na makoti yao. Kulikuwa na kiti cha mchongaji Liberatus wa Kilolo, kimechongwa kwa gogo moja, miguu yake mizizi. Kulikuwa na vyungu vya Wakisi vina majani ubavuni. Kulikuwa na picha za wanafunzi za mlima Loleza, milima ishirini na mmoja, yote imetiwa kijani kile kile. Kila kitu na kadi yake. Zuena alikuwa akisoma Kiarabu tu, hizi herufi nyingine hakuzijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, na kila kadi ananiuliza, "Hii ni mimi?" namwambia bado.

Tukafika ukuta wa mwisho, karibu na dirisha. Kadi ilikuwapo. ZUENA BINTI SALUMU, IRINGA. MKEKA WA MITI. Herufi kubwa kweli, Lutengano hakudanganya. Na kando yake misumari minne na ukuta. Ukuta mtupu, umepakwa chokaa.

"Hii ni mimi?" akauliza Zuena.

Nikamwambia ndiyo.

"Mkeka uko wapi?"

Sikungoja. Nilimtafuta Lutengano katikati ya wale wakubwa wote, nikamshika koti. Alikuja, akauona ukuta, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Jumamosi niliutundika mwenyewe, mama," akasema. "Kwa mikono yangu. Halafu nikaenda Tukuyu kuleta vyungu, nimerudi asubuhi hii." Akamwita mwangalizi wa ukumbi.

Mwangalizi aliitwa Yunusu. Mtu mzima, ndevu nyeupe, kofia safi, rundo la funguo kiunoni. Nilidhani atakuja anatetemeka. Kumbe anakuja anatabasamu! Aliposikia huyu ndiye mwenye mkeka aliinua mikono miwili juu kama mtu anayepokea dua.

"Mama, Mungu akulipe kheri," akasema. "Mungu akulipe, akuzidishie."

"Amlipe kwa nini?" nikauliza. "Mkeka uko wapi?"

Akaeleza, na wala hakuona haya. Jumapili alikufa mzee mmoja wa mtaani kwake, mzee Muharami, dobi. Mvua haikukatika tangu alfajiri. Kaburi lilikuwa linamomonyoka, udongo wa Mbeya ule mlaini, maji yanachuruzika ndani, na mbao za kumfunikia marehemu zilikuwa chache, zimeachana. Walihitaji mkeka wa kutandika juu ya mbao ili tope lisimwangukie maiti. Mkeka wa msikiti ulikuwa umeoza, ukiushika unabaki na vipande mkononi. Maduka yamefungwa, Jumapili. Watu wamesimama makaburini wanalowa, maiti analowa. Ndipo yeye Yunusu akakumbuka kwamba ukumbini, na funguo anazo yeye, kuna mkeka mpya, mkubwa, imara.

"Nikawauliza waliobeba jeneza, maana wengine ni vibarua wa ukumbi, Lutengano alisema mkeka ni wa nani? Mmoja akasema wa mwanamke wa Iringa, binti Salumu. Nikasema alhamdulillahi, Mwislamu mwenzetu, hatakataa. Ungekuwa wa mtu mwingine nisingeugusa, nakuapia. Nilitazama humu ndani, mama, kuna vinyago, kuna picha, kuna vyungu visivyopikiwa. Kitu kilichokuwa na kazi ni mkeka wako peke yake."

"Mmeuzika?" nikasema.

"Tumeuzika. Na ulimkaa vizuri, haukupenyeza tone."

Nilimwambia maneno. Siyarudii hapa. Nilimwambia kuhusu Rujewa na mbu, nilimwambia kuhusu wiki saba zilizofumuliwa, nilimwambia mwizi ni mwizi hata akiiba kwa bismillahi. Machifu waligeuka kutazama. Yunusu alishangaa kweli, mtu wa watu, macho yakamtoka, akawa anamtazama Zuena kama anayeomba aokolewe na kichaa. "Lakini nilifanya hisani," akasema. "Ijumaa hii imamu atamwombea dua mbele ya watu wote, nimeshamwambia. Ila jina lake mwenyewe sikulishika, atasema mwenye mkeka. Mungu anamjua."

Mwenye mkeka! Nilitaka kumvua kofia.

Na Zuena? Zuena alisema, "Innalillahi wainna ilaihi rajiuun." Akauliza marehemu kaacha watoto wangapi. Nilimtazama nikaona nitapasuka. Mtu kazikiwa miezi mitano ya maisha yake, anauliza watoto wangapi!

Wakati huo akaja yule mama wa Kizungu, mwenyekiti wa kamati, mrefu, kichwani kavaa kofia ya ukindu, ukindu huo huo. Lutengano akamweleza kwa Kiingereza, anameza mate kila neno. Yule mama akasikitika, nasema kweli, alishika kifua. Kisha akauliza kitu kimoja, na Lutengano hakutafsiri.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anauliza," akasema Lutengano, anatazama viatu vyake, "kama hauwezi kutolewa. Kwa uangalifu. Halafu usafishwe."

Yunusu alirudi nyuma hatua tatu. "Audhubillahi," akasema. Hata mimi na hasira zangu zote hilo sikulitaka. Lutengano akamwambia yule mama haiwezekani. Basi yule mama akatikisa kichwa, akasema waamuzi wanapita saa nne, na wageni watashangaa kuona jina pasipo na kitu, ni afadhali kadi itolewe. Nikasema kadi ibaki. Nikasema hilo jina lina haki ya kukaa hapo hata kama mkeka uko ahera. Lutengano akatafsiri, sijui alitafsiri nini, maana yule mama alinishika bega akasema "pole sana" kwa Kiswahili, akaing'oa kadi taratibu isichanike, akampa Zuena mkononi. Baada ya dakika chache wakaleta picha moja ya Loleza wakaitundika kwenye misumari ile ile. Milima ikawa ishirini na miwili.

"Twende," nikamwambia Zuena. "Twende tukapande basi kabla sijafungwa."

"Twende kwanza tukatoe pole kwa mfiwa," akasema.

Nilimwuliza kama ana akili. Akasema hatuwezi kutoka mji wa watu wenye msiba bila kuingia kutoa pole, haifai. Na Yunusu huyo, mbele, anatuongoza njia, anafurahi kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Mjane aliitwa Mwanakhamisi. Alikuwa ameshaingia eda, amekaa chumbani pembeni ya kitanda, nguo nyeupe, hana pete wala hereni. Wanawake kama kumi walikuwa wamekaa naye chini. Yunusu alisimama nje ya dirisha akatangaza, "Huyu ndiye mwenye mkeka!" na chumba kikajaa shukrani. Mungu akulipe. Mungu akusitiri kama ulivyomsitiri. Umejijengea nyumba peponi. Bibi mmoja kizee alimshika Zuena mikono akaibusu, ile mikono yenye weusi kwenye kucha. Mwanakhamisi mwenyewe alisema, "Mwanangu, ulitoa kitu kikubwa."

Zuena akasema, "Mimi sikuutoa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Sikuutoa," akasema tena, na sasa sauti yake ilikuwa kubwa, sijapata kuisikia sauti ile. "Sikuulizwa. Ulichukuliwa. Mimi niliusuka watu wauone. Nilitaka utundikwe pale, watu wapite wautazame, wasome jina langu. Umefunikwa udongo hajauona mtu hata mmoja. Mnaniambia pepo, pepo. Mimi sikutaka pepo kwa mkeka ule. Nilitaka uonekane!" Alikuwa analia, machozi na wanja vinashuka pamoja.

"Astaghfirullah," akasema yule kizee, akaiachia mikono yake. Wanawake wakaanza kunong'onezana, nami nilielewa wananong'ona nini, ninyi mtafahamu. Kitu cha mtu kikichukuliwa bila ridhaa yake si halali, na maiti amelala chini yake. Kizee akasema wazi, "Basi mwambieni ahalalishe. Ahalalishe sasa hivi, aseme ameuachia, marehemu asibaki na dhima ya watu kaburini. La sivyo litabidi lifukuliwe." Kila mtu akawa anamtazama Zuena. Na mimi, ambaye miaka yote namwambia sema, fungua mdomo, gomba na wewe, nilimfinya paja chini ya kanga anyamaze. Alinisukuma mkono.

Mwanakhamisi hakuonekana kukasirika. Alipapasa mahali pembeni yake, akasema, "Njoo ukae hapa." Zuena akasogea. "Mimi sikuuona," akasema Mwanakhamisi. "Waliupitisha mlangoni umekunjwa, wanakimbia mvua. Mume wangu kafunikwa na kitu ambacho sikijui, na mimi miezi minne na siku kumi sitoki humu ndani. Nieleze. Ulikuwaje?"

Zuena alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Alianza polepole, na vidole vikaanza kwenda vyenyewe hewani.

"Upande wa kwanza ni miyombo," akasema. "Nimeisuka myekundu. Watu husahau, lakini miyombo ikichipua Septemba, kabla ya mvua, majani yake huwa mekundu siku chache, halafu ndiyo yanakuwa kijani. Nimeikamata siku zile. Miti kumi na miwili, na mmoja wao haujachipua, mweusi mtupu, kwa kuwa msituni lazima uwepo mmoja."

"Ehe," akasema Mwanakhamisi, amefumba macho.

"Safu ya pili ni mikuyu ya mtoni, mizizi yake inashikana chini, huu umemshika huu. Hapo ndipo nilipokosea mara mbili. Ya tatu ni migunga ya Usangu, imelala juu bapa, na ng'ombe chini yake, wadogo, chane tatu tatu tu. Ya nne mikusu, ina matunda. Katikati kabisa nikaweka kichaka cha mdaa, mmoja tu, kwa sababu weusi wote umetoka kwake, nikaona si haki asiwepo. Ya sita mninga, na yale makokwa yake ya mviringo yenye mbawa..."

Wanawake walikuwa wamesogea. Yule kizee naye alisogea. Nasema kweli, palikuwa kimya kuliko kule ukumbini, na hakuna aliyekuwa akitazama pembeni. Zuena vidole vyake vilisimama.

"Ya saba," akasema. Akarudia, "Baada ya mninga, ya saba..." Alifumba macho, akavirudisha vidole nyuma, akaanza tena kwenye mdaa, akapita mninga, vikasimama pale pale. Nilimwona uso unabadilika. Mkeka hauna daftari, hauna picha. Kazi ikishatoka mkononi iko kwenye mkeka wenyewe tu. "Niliusuka wiki mbili, safu hiyo," akasema. "Wiki mbili nzima. Sikumbuki."

Akanigeukia mimi. "Wifi, wewe ulikuwa umekaa hapo. Baada ya mninga nilitia nini?"

Wote wakanigeukia, Mwanakhamisi naye akafumbua macho. Nikafungua mdomo. Miezi mitano nilikaa kibarazani pale kila alasiri, goti langu linagusa ukili wake, nikimsimulia nani kaachwa na nani kaposwa. Niliutafuta ule mkeka kichwani nikaona rangi nyekundu, nikaona nyeusi, nikaona miti. Miti tu.

"Sijui, wifi," nikasema. "Sikuangalia."

Zuena alinitazama. Hakunigombeza, na ningempa kila nilicho nacho anigombeze. Kisha akamgeukia mjane, akamshika mkono, akasema, "Nimemhalalishia mumeo."